Sehemu Nane za Dhahabu: Kesi ya Makaburi ya Thebes

Katika mwaka wa 16 wa utawala wa Ramesses IX, yaani karibu mwaka 1110 kabla ya Kristo, mkata mawe mmoja wa hekalu la Amun huko Thebes alikiri mbele ya waziri wa Farao kwamba alivunja kaburi la mfalme, akamvua maiti dhahabu yake, kisha akachoma moto majeneza. Jina lake lilikuwa Amenpanufer mwana wa Inhernakht. Katikati ya maelezo yake alitaja jambo jingine kwa sentensi chache tu: kwamba alikwisha kukamatwa siku za nyuma kwa wizi huo huo, akampa karani wa gati la Thebes mgawo wake wote wa dhahabu, akaachiwa, akarudi kwa wenzake kuendelea na kazi. Nao wenzake wakamfidia kwa kumkatia fungu jingine.

Tukizungumzia uhalifu na adhabu katika Misri ya kale, wengi hukimbilia viboko, pua zilizokatwa na watu waliotundikwa kwenye miti iliyochongwa. Adhabu hizo zilikuwepo kweli, na tutazifikia. Lakini kesi hii inamtaka msomaji atazame kwanza pale gatini, kwa karani aliyepokea dhahabu, kwa sababu hapo ndipo sheria yote ya Farao ilipokatika.

Tunaijua kesi hii kwa magombo mawili ya mafunjo yanayokamilishana. Moja linaitwa gombo la Abbott, liko British Museum tangu 1857. Hilo ni kumbukumbu ya ukaguzi na ya ugomvi wa wakubwa. La pili ndilo lenye maneno ya Amenpanufer mwenyewe, na historia yake ni ya ajabu: nusu ya chini ilifika kwa tajiri mmoja Mwingereza, Lord Amherst, baadaye ikaenda New York, nusu ya juu ilikaa imefichika ndani ya sanamu ya mbao huko Brussels hadi Jean Capart, Mbelgiji mtaalamu wa Misri ya kale, alipoigundua mwaka 1935. Zilipowekwa pamoja, sentensi zilizokuwa zimekatika katikati zilikutana.

Ili kufuata kisa, shika kwanza ramani na vyeo. Thebes ndiyo Luxor ya leo. Upande wa mashariki wa Nile ulikuwa wa walio hai: mahekalu makubwa ya Amun, soko, gati, nyumba za watu. Upande wa magharibi ulikuwa wa wafu, pamoja na mahekalu ya kumbukumbu ya wafalme na kijiji cha mafundi waliochimba makaburi yao. Kila upande ulikuwa na meya wake. Wa mashariki aliitwa Paser. Wa magharibi aliitwa Paweraa, na huyu alikuwa pia mkuu wa Medjay, askari waliolinda makaburi. Juu yao wote alikuwa waziri Khaemwaset, aliyesaidiana na mnyweshaji wa mfalme, Nesamun.

Paser alipeleka malalamiko kwamba makaburi ya wafalme wa kale magharibi yamevunjwa. Uzito wa maneno hayo ulikuwa wazi. Kaburi likivunjwa magharibi, mwenye kujibu ni Paweraa. Hata hivyo, tume iliyotumwa kukagua iliongozwa na Paweraa huyo huyo, akiwa na makarani, makuhani na wakuu wa askari wake. Kosa kubwa la kesi hii lilifanyika hapo, kabla hata ya mtu yeyote kupigwa kiboko.

Ukaguzi ulifanyika tarehe 18 ya mwezi wa tatu wa majira ya mafuriko. Tume ilipita kwenye makaburi 10 ya wafalme, ikaandika hali ya kila moja. Kazi yenyewe, lazima tuiseme kwa haki, iliandikwa vizuri. Kaburi la Amenhotep I, ambalo Paser alilitaja kuwa limeibwa, lilikutwa zima. Kaburi la Intef wa nasaba ya 11 lilitambuliwa kwa nguzo yake ya jiwe, ambayo ilimwonyesha mfalme akiwa na mbwa wake Behka katikati ya miguu. Kaburi la Nubkheperre Intef lilikutwa wezi wamekwisha kuanza kulitoboa: walikuwa wamechimba dhiraa mbili na nusu, kama mita 1.3, wakianzia kwenye ukumbi wa nje wa kaburi la jirani, la msimamizi wa sadaka za hekalu la Amun aitwaye Iuroy. Hawakufika ndani. Maelezo haya ni sahihi kiasi kwamba mwaka 2001 wanaakiolojia wa Kijerumani waliyatumia kama ramani: walitafuta kaburi la jirani huyo kwenye mlima wa Dra Abu el-Naga, na karibu yake wakaikuta piramidi ya Nubkheperre.

Kati ya yale kumi, moja tu liliandikwa kuwa limevunjwa: la Sobekemsaf, mfalme wa nasaba ya 17, pamoja na la mkewe malkia Nubkhaas. Jumla iliyoandikwa: mazima 9, lililovunjwa 1. Kisha yakaja makaburi 4 ya waimbaji wa hekalu: mawili mazima, mawili yamevunjwa. Na makaburi ya watu wa kawaida? Yote yamevunjwa, na maiti zimetolewa nje na kutupwa jangwani. Gombo linataja hilo kwa ufupi, kisha linaendelea na mambo ya wafalme. Kwa mtu wa Thebes ambaye baba yake na mama yake walikuwa wamelazwa kule, hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa kuliko zote, na hakuna mahali ambapo mahakama iliitisha mtu kuijibia.

Siku hiyo hiyo Paweraa alimkabidhi waziri orodha ya majina ya wezi wa kaburi la Sobekemsaf. Wakakamatwa. Wepesi wa orodha hiyo unatia shaka kubwa. Kaburi linatangazwa kuvunjwa mchana, na kabla siku haijaisha majina yako mkononi mwa mkuu wa ulinzi. Kwa maoni yangu, ofisi ya magharibi iliwajua watu hawa kitambo na ilikuwa imenyamaza. Ukaguzi ulipolazimika kutoa walau kosa moja, wakatolewa wao.

Sasa tumsikilize Amenpanufer. Walikuwa watu wanane: wakata mawe, maseremala, mkulima, mbeba maji na mwenye mashua. Ukiutazama mchanganyiko huo kwa makini, utaona ni kikosi kamili cha kazi. Mkata mawe anajua mwamba ulipo laini na namna ya kutumia tindo bila kuangusha dari. Seremala anajua kufungua jeneza na kutenganisha mbao na mapambo yake. Mwenye mashua anavusha mzigo usiku. Walitumia zana zao za shaba, zile zile walizopewa kwa kazi ya hekalu.

Hawakugusa mlango uliotiwa muhuri. Waliingia kupitia kaburi la jirani, la Nebamun aliyekuwa msimamizi wa maghala ya Thutmose III, wakapasua mwamba kutoka kwenye ukumbi wake wa nje hadi chumba cha chini cha piramidi. Njia hii ina faida mbili. Lakiri za mlango wa mfalme hubaki zima, hivyo mlinzi anayepita na kutazama mlango tu haoni kitu. Tena sauti ya kugonga jiwe inamezwa ndani ya kaburi la mtu mwingine. Ndiyo sababu pia ukaguzi wa kuangalia lakiri peke yake haufai kitu, jambo litakalojitokeza tena baadaye.

Wakashuka na mienge mikononi. Wakaondoa kifusi, wakamkuta mfalme amelazwa mwisho wa chumba, na karibu yake mahali pa malkia. Wakafungua majeneza ya mawe, kisha ya mbao. Maiti ya mfalme ilikuwa na upanga uliopinda uitwao khepesh, hirizi nyingi na mapambo ya dhahabu shingoni, na kinyago cha dhahabu usoni. Majeneza yalikuwa yamepambwa kwa dhahabu na fedha ndani na nje, na kutiwa vito. Walikusanya walichoweza kukibandua, kisha wakayatia moto majeneza.

Huo moto ulikuwa na maana ya kifundi. Dhahabu ya jeneza ni bamba jembamba lililogandishwa kwenye mbao, na kuikwangua kwa kisu katika giza, huku ukiogopa kufumaniwa, ni kazi ya siku nyingi. Ukiwasha moto, mbao zinaungua na dhahabu inabaki kwenye majivu. Lakini kwa imani ya Mmisri, mwili na jina lililoandikwa kwenye jeneza ndivyo vilivyomwezesha marehemu kuendelea kuishi upande wa pili. Kuchoma jeneza ni kumuua mtu mara ya pili, na safari hii asifufuke. Walipoyasikia hayo, waziri na makuhani walikuwa wanasikiliza kesi ya mauaji ya mfalme, tena ya mfalme aliyekuwa amelala pale kwa zaidi ya miaka 400.

Mgao ulikuwa wa haki kati yao: sehemu nane, kila mtu deben 20 za dhahabu, jumla deben 160. Deben moja ni kama gramu 91, kwa hiyo kila mmoja alipata karibu kilo 1.8, na wote pamoja kilo 14 na nusu. Ili ujue uzito wa kiasi hicho, linganisha na mshahara. Fundi wa makaburi ya wafalme, ambaye alikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliotunzwa vizuri, alipokea magunia 5 na nusu ya nafaka kwa mwezi, manne ya ngano na moja na nusu ya shayiri. Kwa viwango vya zama hizo, dhahabu ilikuwa na thamani mara mbili ya fedha, na fedha mara 60 ya shaba. Deben 20 za dhahabu ni sawa na deben 2,400 za shaba. Gunia likiwa kwa deben 2 za shaba, bei ya miaka ya utulivu, unapata magunia 1,200: mshahara wa fundi wa miaka 18. Na bei ya nafaka ilikuwa imepanda sana miaka hiyo. Hata ukiizidisha mara mbili, bado ni miaka 9 ya mshahara kwa usiku michache ya kazi.

Na mshahara wenyewe ulikuwa unachelewa. Tangu mwaka wa 29 wa Ramesses III mafundi walikuwa wamewahi kuweka zana chini na kukaa nje ya mahekalu wakisema wana njaa. Chini ya Ramesses IX shajara za makaburi zinaonyesha siku ambazo kazi ilisimama kwa hofu ya wageni kutoka jangwa la magharibi. Simtetei Amenpanufer. Lakini anayeeleza wizi huu kwa neno tamaa peke yake hajauangalia mwaka wenyewe.

Siku chache baada ya wizi, wasimamizi wa mtaa wa Thebes walisikia uvumi, wakamkamata Amenpanufer na kumfungia kwenye ofisi ya meya wa Thebes. Akatoa zile deben 20. Karani wa gati, Khaemope, akazipokea na kumwachia. Hapa Amenpanufer akaongeza maneno yanayoumiza hadi leo: kwamba yeye na wenzake wameendelea kuiba makaburi ya watu wa magharibi hadi siku ile, na kwamba watu wengine wengi wa nchi wanafanya hivyo hivyo. Gatini palikuwa mahali panapofaa kabisa kwa biashara hiyo. Kila kilichoibwa magharibi kilipaswa kuvuka mto, na kila mashua ilipita mbele ya macho ya karani huyo.

Tazama pia kwamba ofisi alimofungiwa ni ya upande wa mashariki, upande wa Paser. Paser ndiye aliyefichua wizi, na bado mwizi aliponyoka kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Hakuna upande wa mto uliokuwa na mikono safi.

Tarehe 19 waziri na mnyweshaji Nesamun walivuka wenyewe kwenda Bonde la Malkia. Walikuwa na mfua shaba aitwaye Paykharu, wa hekalu la Ramesses III, aliyekuwa amekamatwa mwaka wa 14 na kusema kwamba aliingia kaburi la malkia Isis na kuchukua vitu vichache. Walimpeleka amefungwa macho. Walipofika wakamfungua, wakamwambia atangulie hadi kwenye kaburi aliloiba. Alionyesha mahali pawili tu: kaburi moja la watoto wa Ramesses II ambalo halijawahi kutumika, na kibanda cha fundi mmoja. Akahojiwa palepale bondeni, “kwa ukali mkubwa”. Akaapa kwa uhai wa Farao kwamba, kama anasema uongo, apigwe, akatwe pua na masikio, atiwe mtini. Wakubwa wakakagua lakiri za makaburi, wakazikuta zima.

Kuhojiwa kwa ukali kulikuwa na utaratibu. Mshtakiwa aliapishwa kwanza, kisha akapigwa kwa fimbo kwenye nyayo na viganja, na viungo vyake vikanyongwa kwa kamba na vijiti. Akikana, anapigwa tena. Akikana mara ya tatu au ya nne, makarani wanaandika kwamba amehojiwa na hakukiri. Ni rahisi kuona njia hii inapopotosha. Mtu akipigwa mwaka wa 14 anakiri; akipigwa mwaka wa 16 mbele ya wakubwa wanaotaka kusikia kwamba kila kitu ni salama, anakana. Paykharu alisema kile ambacho kila mpigaji wake alihitaji kukisikia.

Jioni ile watu wa magharibi, mafundi na askari wa Medjay, walivuka mto wakishangilia, wakaenda hadi karibu na nyumba ya Paser. Paser alikasirika, akawajibu hadharani kwamba makarani wawili wa makaburi wamempa mashtaka mengine matano, makosa ya kufa mtu, na kwamba atamwandikia Farao. Tarehe 20 Paweraa akayaandika maneno hayo na kuyapeleka kwa waziri. Hoja yake ilikuwa ya utaratibu: makarani wa makaburi wanapaswa kumpelekea waziri taarifa, wala si meya wa mashariki. Hakukanusha mashtaka yale matano. Alilalamikia mlango yaliyopitia.

Tarehe 21 mahakama kuu ya Thebes ilikaa kwenye hekalu la Amun. Waziri aliongoza, kuhani mkuu Amenhotep na Nesamun walikuwepo, na Paser mwenyewe alikuwa mmoja wa wajumbe waliokaa. Paykharu na wafua shaba wenzake wakasimamishwa. Waziri akaeleza kwamba makaburi yaliyotajwa na Paser yamekaguliwa na kukutwa mazima. Mahakama ikaamua kwamba watu hao hawakujua mahali popote palipotajwa, na kwamba Paser ndiye aliyekosea. Wafua shaba wakaachiwa, na hati ikawekwa kwenye kumbukumbu za waziri. Mahakama ilishinda kwa hesabu ya tisa kati ya kumi, bila kuuliza ni nani aliyekuwa zamu wakati lile la kumi linatobolewa.

Wezi wa Sobekemsaf hawakuhukumiwa siku hizo. Walipelekwa kuonyesha kaburi, wakalionyesha kweli, maelezo yao yakaandikwa, wakakabidhiwa kwa kuhani mkuu wafungwe kwenye gereza la hekalu hadi Farao aamue adhabu yao. Hiyo ndiyo kanuni ya Misri ambayo wengi huikosa. Mahakama ya kijiji iliweza kuamuru mwizi arudishe mara mbili au mara tatu ya alichoiba, na iliweza kutoa viboko. Chini ya mfalme Seti I, amri iliyochongwa kwenye mwamba huko Nauri, Nubia, iliweka viboko 200 na majeraha matano kwa waliovunja haki za hekalu fulani, na kulipa mara mia kwa walioiba mali yake. Lakini kumkata mtu viungo au kumuua kulihitaji idhini ya juu. Katika mwaka wa 6 wa Seti II, mwanamke aitwaye Heria alikutwa amezika nyumbani kwake tindo ya shaba ya jirani yake pamoja na chombo cha Amun, baada ya kuapa kwamba hakuchukua. Kijiji kilisema anastahili kufa, kisha kikaiacha hukumu mikononi mwa waziri.

Mwaka wa 17 wa Ramesses IX, waziri, kuhani mkuu na wanyweshaji walirudi Bonde la Malkia. Safari hii walifungua kaburi la Isis badala ya kutazama lakiri. Wakakuta jiwe la matale ndani limevunjwavunjwa na wezi wanane. Orodha za mali iliyorudishwa mwaka huo zinataja dhahabu, fedha na shaba zilizochukuliwa kutoka kwa mafundi wa makaburi wenyewe na kutoka kwa watu wa mjini waliozipokea. Paser alikuwa amesema kweli kuhusu bonde lile. Hakuna hati inayoonyesha kwamba hukumu ya tarehe 21 ilifutwa.

Adhabu ilitekelezwa. Chini ya Ramesses XI, mtu mmoja aliyehojiwa kwa wizi mwingine wa makaburi alijitetea kwa kusema kwamba aliyaona yaliyowapata wezi wakati wa waziri Khaemwaset: je, angekwenda kukitafuta kifo anachokijua? Maneno hayo yanaonyesha kwamba watu waliyakumbuka mateso yale kwa zaidi ya miaka 20. Na yalisemwa katika kesi ya wizi wa makaburi, kwa sababu wizi uliendelea.

Jina la Paser linatoweka kwenye hati za kesi hizi. La Paweraa haliondoki. Katika mwaka wa 12 wa Ramesses XI, karani wa makaburi Thutmose alizunguka miji ya kusini kukusanya nafaka ya mafundi. Aliporudi Thebes magharibi na magunia yake, mmoja wa waliozipokea alikuwa meya wa upande ule, Paweraa.